Kuna Maendeleo

Nilisema, "Kuna maendeleo kwenye mapafu,"
macho yangu yakiwa kwenye picha, si kwa mwenye mapafu.
Dona Etelvina akashukuru mara mbili,
akamfunga mumewe skafu shingoni,
wakashuka ngazi za hospitali ya Mirandela
wameshikana kama wachumba.

Mimi nilikuwa na wagonjwa kumi na mmoja mlangoni.
Nikanawa mikono.

Jioni ile alichinja kuku.
Akampigia simu Gaspar, mwanawe, fundi bomba kule Lyon:
daktari kasema kuna maendeleo!
Gaspar akaahirisha safari.
Mzee Belarmino akala paja, akaomba na shingo,
akasema Novemba atavuna zeituni mwenyewe,
ngazi waiache palepale, imeegemea mti.

Haya niliyajua siku tisa baadaye
kwa kinywa cha nesi Deolinda,
ambaye hapigi kelele; akikasirika hushusha sauti
mpaka unainama kumsikia, na ukishainama
umekwisha kukiri kosa.
"Daktari, ulisema maendeleo.
Maendeleo ya nani?"

Ya ugonjwa.
Nilimaanisha ugonjwa.
Ndio ulioendelea, kutoka pafu la kushoto hadi ini,
kama barabara mpya
yenye taa.

Miaka sita nilifundishwa mifupa kwa Kilatini,
majina ya mishipa niliyakariri bafuni,
wala hakuna aliyeniambia kwamba neno nalo ni dozi,
lina kipimo na lina saa yake,
ila halina ile karatasi iliyokunjwa ndani ya boksi
kueleza madhara.

Deolinda akanipeleka stoo ya mashuka.
Akamwita Zulmira anayepiga deki,
akamkalisha juu ya ndoo iliyopinduliwa:
"Huyu ndiye mgonjwa wako. Mwambie."
Nikamwambia. Metastasi, nikasema. Tiba shufaa, nikasema.
Zulmira akatazama dari.
"Sasa mrudishie ulichosikia, kwa maneno yako."
"Nimesikia daktari ana haraka."

Tena.
"Nimesikia kuna mtu anaitwa Metastasi."

Tena.
"Nimesikia unaogopa."

Hapo nikakaa sakafuni, kando ya mashuka machafu.

Jumatatu niliwaita. Nilivuta kiti
mpaka magoti yetu yakakaribia kugusana.
Picha niliigeuza ikatazama ukuta.
Nikasema: siku ile nilikosea neno.
Ugonjwa umekua. Dawa tuliyokupa imeshindwa kuuzuia.
Hutapona, mzee.
Kisha nikanyamaza, na kunyamaza, Mungu wangu,
ni kazi ngumu kuliko kushona jeraha:
ulimi unahangaika kutafuta takwimu ya kujifunika.

Mzee Belarmino aliviangalia viganja vyake.
"Na zeituni?"
Nilitaka kusema tutaona. Tutaona ni mlango wa nyuma,
madaktari tunautumia sana.
"Usipande ngazi," nikasema. "Keti chini ya mti
uwagombeze wanaopanda."
Akacheka kidogo, puani.

Sikuwauliza kama wamenielewa,
maana mtu mwenye adabu hujibu ndiyo
hata akiwa gizani.
Niliuliza: "Gaspar mtamwambia nini?"

Dona Etelvina akatoa simu palepale,
akapiga, kidole kimeziba sikio jingine:
"Mwanangu, ugonjwa una mbio kuliko dawa.
Njoo kabla ya mavuno.
Hapana. Hapana, sikusikia vibaya.
Safari hii daktari ameongea Kireno."